Macho Yakififia, Mfuko Nao Hupungua

Tumtazame fundi wa cherehani aliyeketi barazani pake katika mji wa Butembo. Umri wake ni miaka hamsini na kitu. Asubuhi moja ashika sindano, aulowesha uzi kwa ulimi, aulenga tundu, nao hauingii. Amwita binti yake, naye autunga mara moja. Fundi acheka, asema ni uchovu tu. Mwezi wa pili amwita binti kila saa. Mwezi wa sita mshono wapinda, na wateja, pasipo kumwambia neno, wahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Jioni akirudi nyumbani apishana na baba mkwe wake njiani, asimsalimu. Kesho yake habari zimeenea mtaani kwamba fundi amekuwa mtu wa majivuno.

Fundi huyu si mtu mmoja. Tumekutana naye Beni, tumekutana naye Lubero. Mara ni mwalimu asiyeweza tena kusoma ubao alioandika mwenyewe, mara ni mama wa sokoni anayerudisha chenji kwa kupapasa. Si kipofu. Hatembei na fimbo, wala haongozwi na mtoto, na kwa sababu hiyo hakuna amhurumiaye. Akiomba msaada huambiwa, "Wewe si unaona?" Naye kweli aona, lakini aona kama yule mtu wa Bethsaida katika Injili ya Marko, ambaye Bwana alipomgusa mara ya kwanza aliwaona watu kama miti inayotembea. Wahubiri wengi hupita hapo haraka, wakikimbilia mguso wa pili. Sisi leo twataka kukaa kidogo na mtu yule katikati ya miguso miwili, maana wako watu wanaoishi mahali pale miaka ishirini, nao wanapaswa kuwalisha watoto na kulipa ada ya shule.

Waganga wa macho huiita hali hii uoni hafifu. Shirika la Afya Duniani huipima kwa hesabu: ni mtu ambaye jicho lake lililo bora, hata akiwa amevaa miwani inayomfaa, halifikii 6/18, lakini bado lina nguvu ya 3/60 au zaidi. Maana yake, herufi ambayo mwenye macho mazima huisoma akiwa mbali mita 18, huyu hawezi kuisoma hata akisogea mpaka mita 6. Akishuka chini ya 3/60 huhesabiwa kuwa kipofu. Hesabu hizi twaziandika si kwa ajili ya kujionyesha wasomi, bali kwa sababu zina thamani ya fedha. Anayepeleka ombi bila karatasi ya daktari yenye hesabu hiyo hudhaniwa mvivu. Aliye nayo hujadiliwa kama mgonjwa.

Kwanza ijulikane ni ugonjwa gani

Kosa lililo kubwa kuliko yote, nalo tumeliona katika familia nyingi za Kikristo, ni kuomba fedha kabla ya kujua jicho lina nini. Shamba lauzwa, mbuzi wauzwa, ndugu wachangishwa, na fedha zaenda kwa mtu wa mizizi au kwa mwuza matone wa kando ya soko. Baadaye daktari akisema kwamba dawa ya kweli ipo, mfuko hauna kitu, na ndugu wamechoka.

Maana magonjwa ya macho hayagharimu kwa namna moja. Pengine fundi wetu hana ila uzee wa macho, ambao kwa kawaida huanza baada ya miaka 40. Huyo hahitaji mfadhili. Ahitaji miwani ya kusomea, na Jumatatu yuko kazini. Mwingine ana mtoto wa jicho: ile lenzi iliyo ndani ya jicho imekuwa na ukungu. Hapana matone wala majani yawezayo kuondoa ukungu huo, lakini mkono wa mpasuaji huutoa kwa muda mfupi, akaweka lenzi nyingine mahali pake. Huyu ahitaji fedha mara moja tu. Wa tatu ana presha ya jicho, yaani glakoma. Aliyoyapoteza hayatarudi, atatia matone kila siku maisha yake yote ili asipoteze yaliyobaki, au atapasuliwa kwa kusudi hilohilo. Fedha anazohitaji huyu ni kidogo kidogo, lakini hazina mwisho, na mchango mmoja mkubwa wa arusi haumfai kama fungu dogo la kila mwezi. Wa nne ni yule ambaye daktari amesema hapana tiba. Kwake fedha si za hospitali hata kidogo, bali za kazi mpya.

Uko tena ugonjwa wa usubi, uletwao na nzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito iendayo kasi. Dawa yake, ivermektini, ambayo vijijini hujulikana kama Mectizan, hutolewa bure na kampuni ya Merck tangu mwaka 1987, na hugawiwa na watu waliochaguliwa na vijiji vyenyewe. Haiponyi jicho lililokwisha kuharibika, lakini huzuia madhara yasiendelee. Akitokea mtu wa kukutoza fedha kwa vidonge vile, mwulize kwa upole nani amemtuma.

Nauli nayo ni sehemu ya ugonjwa. Zamani mgonjwa wa Butembo aliyeshindwa kutibiwa karibu aliweza kushuka hadi Goma, mwendo wa kilometa zipatazo 300. Vita vilipofika Kanyabayonga mwaka 2024, na Goma ikatekwa na M23 mwezi wa Januari 2025, safari ile ikawa ya hatari na ya gharama. Wengine huvuka mpaka wa Kasindi na kwenda Uganda, mpaka Mbarara, ambako hospitali ya macho ya Ruharo yajulikana tangu zamani. Anayefanya hesabu ya upasuaji asisahau kulala, kula, na msindikizaji. Maana mara nyingi hayo matatu hushinda bei ya kisu.

Walionusurika wa Beni

Hapa kwetu limetokea jambo ambalo linafundisha mengi juu ya msaada wa macho, nalo yafaa tulisimulie. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ilianzia upande wa Mangina, ikashika Beni, Butembo na Katwa, ikapita mpaka Ituri, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuugua, na 2,287 kati yao wamekufa. Zaidi ya elfu moja walipona. Lakini kupona huko kulikuwa na mkia. Virusi vile vyaweza kubaki ndani ya jicho hata baada ya damu kuwa safi, jicho likavimba ndani, likawa jekundu, likauma, likafifia. Na wengine hupata mtoto wa jicho wangali vijana.

Waganga walikuwa wamelijua jambo hili tangu mlipuko wa Afrika Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016, kwa hiyo safari hii hawakungoja. Mwaka 2019, vita dhidi ya ugonjwa vikiwa bado vikali, kliniki ya macho ilifunguliwa Beni kwa ajili ya walionusurika. Walipimwa, wakaandikwa, wakapewa siku ya kurudi, wala hawakulipishwa.

Majirani wengi walinung'unika. Mbona aliyeugua Ebola atibiwa macho bure, na bibi yangu aliyefifia miaka kumi hatibiwi? Manung'uniko hayo twayaelewa, na hatusemi yalikuwa ya wivu mtupu. Huzuni ya bibi si ndogo kwa sababu ugonjwa wake hauogopeshi mataifa. Lakini tuangalie namna msaada ule ulivyoweza kufika. Kila aliyetoka kituoni alikuwa na cheti cha kupona. Jina lake lilikuwa daftarini. Ilijulikana alitoka lini, akae wapi, na nani amfuate. Msaada ulipata njia kwa sababu ulikuta majina. Bibi zetu hawana daftari. Hakuna ajuaye, katika mtaa mmoja wa Butembo, wangapi wanaona watu kama miti, na Serikali, Kanisa au tajiri mwenye moyo mwema, hata akitaka kusaidia, ataanzia wapi? Twafikiri kila shirika, yaani kila jumuiya ya Kikristo ya mtaa, lingeweza kuandika majina hayo kwa majuma mawili, na daftari la kuyaandikia halizidi bei ya chupa ya bia.

Tobiti na mbuzi wa mkewe

Watu wengi wamesoma kitabu cha Tobiti kwa ajili ya malaika Rafaeli na yule samaki. Msomaji mwenye macho hafifu na akisome tena kwa ajili ya fedha. Tobiti alikuwa mtu mwenye cheo na mwenye kutoa sadaka. Usiku mmoja alilala kando ya ukuta wa ua, mavi ya ndege yakamwangukia machoni, akafifia. Akaenda kwa waganga, na kadiri walivyompaka dawa zao ndivyo alivyozidi kutoona. (Mwandishi yule wa kale alijua mambo.) Jamaa yake Ahikari akamlisha miaka miwili, kisha akahamia nchi nyingine. Ndivyo ilivyo hata leo: ndugu mwema husaidia kwa kweli, lakini naye ana maisha yake, na siku moja huondoka.

Hapo mkewe Ana akaingia kazi ya kufuma kwa ujira. Siku moja wenye kazi walipompa ujira wake wakaongeza na mwana-mbuzi. Tobiti akamsikia mbuzi akilia uani, asimwone, akamshutumu mkewe kuwa amemwiba. Ana akakasirika sana, akamjibu maneno makali juu ya sadaka zake za zamani. Hakuna ukurasa katika Maandiko unaotuonyesha waziwazi zaidi jinsi macho yakififia yanavyoharibu amani ya nyumba. Mume ambaye hawezi tena kuona fedha zinaingiaje hushuku. Na mke ambaye amekuwa mlishaji huchoka kushukiwa. Tumeisikia habari hii katika nyumba zisizo za Ninawi.

Mwishowe Tobiti akakumbuka fedha: talanta kumi alizoziweka zamani kwa Gabaeli, mjini Rage, nazo zina hati. Akamtuma mwanawe. Yaani, kabla ya kuomba kwa watu, alijiuliza ni kitu gani kilicho chake tayari. Swali hilo kila mwenye macho hafifu wa Beni na Butembo angelijiuliza kwanza, na hasa yule aliyewahi kuajiriwa.

Iliyo haki yako, na isiyokuwapo

Aliyefanya kazi kwa mwajiri aliyekuwa akimlipia katika Hazina ya Akiba ya Jamii, iliyoitwa INSS na sasa yaitwa CNSS, aweza kuwa na haki ya malipo ya ulemavu ikiwa hawezi tena kazi kwa sababu ya macho. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 yayataja malipo hayo. Mtumishi wa Serikali ana hazina yake nyingine, CNSSAP. Lakini bila barua ya kazi, karatasi za mshahara na namba ya kuandikishwa, haki hiyo yabaki maneno. Karatasi hizo zitafutwe leo, chini ya kitanda na juu ya dari, kabla panya hawajazimaliza. Mkulima wa kakao wa Beni na mchuuzi wa maharagwe wa Butembo, ambao ndio wengi, hawamo katika hazina yoyote, nasi hatutawadanganya.

Juu ya watu wenye ulemavu, nchi yetu ina maneno mazuri. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, yawapa haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki zao. Mwaka 2019 aliwekwa waziri mjumbe wa kuwashughulikia. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitoka sheria namba 22/003, ambayo ni yao kabisa. Hata hivyo sheria hiyo haikuleta posho ya kila mwezi mlangoni pa fundi wetu. Nchini Kenya mtu mwenye ulemavu mkali katika nyumba maskini aweza kuandikishwa apate shilingi 2,000 kwa mwezi. Ndugu zetu wa Nairobi wakisimulia hayo, watu wa huku hudhani fomu zao zimepotea ofisini. Hazikupotea. Anayewauzia watu fomu za pensheni ya macho barabarani ni mwizi.

Kilichopo ni kidogo, lakini kipo. Ofisi ya Mambo ya Jamii ya komini huweza kumpa maskini wa kweli cheti cha umaskini, nacho huweza kumsaidia aombapo kupunguziwa gharama. Aliye kwenye shirika la Kikristo aanzie hapo, maana wakuu wa shirika ndio wanaomjua, na barua yao ndiyo inayofungua mlango wa parokia, na parokia hufungua mlango wa Caritas ya jimbo. Anayeruka ngazi na kwenda moja kwa moja kwa Padri, au kumvizia Askofu nje ya kanisa kuu, hurudishwa palepale alipopaswa kuanzia, akiwa amepoteza mwezi.

Tusiidharau likilimba. Wanawake wa soko la Butembo wameweka akiba hivyo tangu zamani, na chama kizuri humruhusu mwenye upasuaji kupokea zamu yake mapema. Huo si msaada, ni fedha zake mwenyewe zikija kabla ya wakati. Kwa sababu hiyo hazimwinamishi kichwa. Marehemu Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni toka 1966 hadi 1997, aliwazoeza watu kutengeneza barabara zao wenyewe bila kungoja Kinshasa. Jicho nalo ni barabara.

Noti, simu na sahihi

Jambo moja dogo latuudhi, nalo twalisema. Biashara ya Butembo huenda kwa dola, na noti za Marekani, ya 1 na ya 100, zina ukubwa uleule na zakaribia rangi moja. Wamarekani wenyewe wasioona vizuri waliipeleka Serikali yao mahakamani kwa ajili hiyo, na mwaka 2006 jaji akaamua kwamba noti hizo zinawanyima haki. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ikakubali. Hapa kwetu mama mwenye macho hafifu hana mahakama ya kumwendea jioni akigundua kwamba noti ya 20 ilikuwa ya 1, au kwamba amepewa iliyochanika ambayo hakuna atakayeipokea. Basi na awe na desturi yake: ya 1 aiache wazi, ya 5 aikunje mara moja kwa upana, ya 10 kwa urefu, ya 20 mara mbili, na asikunje mpaka mtu anayemwamini ameitaja noti kwa sauti. Asione haya kuiinua juani mbele ya mteja.

Fedha za simu nazo zina hatari yake. Msaada kutoka kwa mtoto aliye Kampala au Ulaya hufika siku hizi kwa M-Pesa au Airtel Money, na mzee asiyeona vioo vidogo humpa kijana yeyote wa kibandani simu pamoja na namba ya siri. Huko ni kumpa mtu funguo na sanduku. Simu nyingi za sasa zaweza kukuzwa herufi zake, na nyingine husoma kwa sauti. Mjukuu aonyeshe jambo hilo jioni moja, na namba ya siri ikae kichwani mwa mwenye fedha. Vivyo hivyo katika chama cha akiba na mikopo: karatasi ya mkopo isomwe na watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kabla ya kutia kidole.

Sasa barua yenyewe. Bartimayo alikuwa kipofu mbele ya umati wote, na bado Bwana alimwuliza anataka afanyiwe nini. Yeye hakujibu kwa hadithi ndefu. Barua nyingi za msaada zinazopita mikononi mwetu zina kurasa tatu za machozi, na hazitaji kiasi. Fundi wetu na aandike hivi, au amwandikishe binti yake: jina langu, shirika langu, kazi yangu. Daktari amenipima tarehe fulani, karatasi yake hii. Nina mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Upasuaji wa jicho moja ni kiasi hiki, nauli na kulala ni kiasi hiki. Mimi nimekwisha kupata kiasi hiki, likilimba itatoa kiasi hiki, kimepungua hiki. Fedha zilipwe hospitalini, si mkononi mwangu. Nikipona nitarudi cherehanini, na stakabadhi nitaileta.

Kisha binti amsomee barua yote kwa sauti, mama yake akiwapo.